Jinsi ya Kutengeneza Filamu ya Vichekesho ya Familia: Mhusika wa Ajabu na Safari Yake ya Barabarani

Filamu ya aina hii inategemea jambo moja: mhusika mkuu haoni ajabu yoyote katika anayoyafanya. Watu anaokutana nao njiani ndio wanaoshangaa, wanaokasirika, wanaocheka na mwishowe wanaobadilika. Yeye anarudi nyumbani vilevile alivyoondoka. Ukishalikubali hilo, maswali mengi ya baadaye yanapata majibu, kuanzia lenzi ya kutumia hadi mahali pa kukata shoti (kipande kimoja cha picha kilichopigwa bila kukatizwa). Ukilikataa, ukataka mhusika wako mwishoni ajifunze kuwa mtu wa kawaida, utakuwa unawaambia watoto waliompenda kwa dakika 80 kwamba walikosea kumpenda.

Mwongozo huu ni wa filamu ya dakika 80 hadi 90, kikosi cha watu 10 hadi 20 na gari moja. Mfano wetu ni Tito, fundi wa saa za ukutani, anayempelekea mteja saa yake ya pendulamu aliyoitengeneza. Fundi mwingine yeyote angeing'oa pendulamu kabla ya safari, maana ikibembea ovyo inapinda chuma chembamba kinachoishikilia. Tito hataki. Aliahidi kuifikisha ikiwa inatembea, kwa hiyo saa itakaa wima kwenye kiti cha abiria, imefungwa mkanda, njia nzima.

Hatua ya 1: Mwandikie mhusika sheria, si vituko

Kofia ya ajabu, sauti ya puani na mwendo wa kuchechemea vinachekesha kwa sini (tukio) moja. Sheria inachekesha filamu nzima, kwa sababu inakutana na mazingira mapya kila mara. Andika sheria tatu, zisizidi nne, ambazo mhusika hazivunji hata zikimponza. Za Tito ni hizi: saa isisimame, hasemi uongo, anajibu alichoulizwa tu, haongezi.

Kila sheria ipitie majaribio mawili. Je, inaweza kumtia matatani? Je, inaweza kumwokoa? Kutosema uongo kunamponza Tito anapoulizwa na mwenye nyumba ya wageni kama chakula kilikuwa kitamu. Kunamwokoa baadaye, pale mtu mmoja tu anapohitajika kuaminiwa na kila aliyekutana naye njiani anajua kwamba ni yeye. Sheria inayofanya kazi moja tu kati ya hizo mbili ni nusu sheria. Ibadilishe kabla hujaandika ukurasa wa kwanza wa skripti.

Kisha mweke katika hali tatu za kila siku: foleni, mezani na watu asiowajua, na kitanda kisichotosha. Andika nusu ukurasa kwa kila hali. Ukikwama kwa kutojua angefanya nini, humjui bado.

Mpe pia kitu kimoja anachokitaka, kinachoshikika na kinachoonekana, na muda wa mwisho wa kukipata au kukifikisha. Mhusika wa ajabu asiyetaka kitu huchosha haraka sana. Mtazamaji anavumilia usumbufu wake wote kwa sababu anaona anakokwenda. Saa ifike Jumamosi kabla ya adhuhuri. Mtoto wa miaka sita anaweza kulieleza hilo, na hicho ndicho kipimo cha kutumia.

Hatua ya 2: Chora njia kabla ya kuandika

Chukua karatasi kubwa, chora barabara, weka vituo sita au saba. Kila kituo kiwe na kadi yake yenye mistari mitano: nani yupo hapo, anakosa nini maishani, sheria ipi ya mhusika inagongana naye, anabaki na nini mhusika akiondoka, na mhusika anaondoka na nini. Mstari wa mwisho ndio unaosahaulika mara nyingi, na ndio unaoijenga filamu. Kamba aliyopewa kituo cha pili, deni la kituo cha tatu, mtoto aliyejificha kwenye buti kituo cha nne: hivyo ndivyo vitakavyotumika mwishoni.

Sasa badilisha kadi ya tatu na ya tano nafasi. Hadithi ikiendelea vizuri kama kwamba hakuna kilichotokea, una mkusanyiko wa vichekesho, hujapata filamu bado. Dawa yake iko kwenye kiungo. Soma vituo kwa mfululizo ukiunganisha kwa "kwa hiyo" au "lakini". Kila mahali unapolazimika kusema "halafu", safari imekatika, na mtazamaji ataanza kuangalia muda.

Kurasa zigawe takriban hivi, ukichukulia ukurasa mmoja wa skripti ni dakika moja ya filamu. Nyumbani na maisha yake ya kawaida, kurasa 10. Tatizo na uamuzi wa kuondoka, hadi ukurasa wa 18 au 20. Vituo vitatu vya kwanza, hadi ukurasa wa 45, ambapo kitu kinageuka: anagundua njia siyo, au aliyemtegemea amemkimbia, au saa imesimama. Vituo vinavyofuata vinazidi kubana hadi ukurasa wa 68, anapopoteza kila kitu. Zilizobaki ni za kurudisha. Watu wote wa njiani wanarejea hapo, kila mmoja na kile alichoachiwa.

Jihadhari na kosa moja linaloua filamu nyingi za safari: kumfanya kila mtu wa njiani kuwa kituko kama mhusika mkuu. Wakiwa wote wa ajabu, hakuna wa ajabu. Askari, muuza duka, dereva wa lori, bibi wa nyumba ya wageni wawe watu wa kawaida kabisa wenye haraka zao. Kituko kingine kimoja kinaruhusiwa katika filamu nzima, na kiwe adui yake.

Hatua ya 3: Andika mazungumzo yanayokwenda moja kwa moja

Hii ni sini fupi ya kizuizi cha barabarani, ya robo tatu ya ukurasa:

ASKARI: Umebeba nini?
TITO: Saa moja.
ASKARI (anatazama mkononi): Sasa hivi ni saa tisa.
TITO: Hii inasema saa tisa na dakika nne.
Askari anainama, anachungulia. Saa imefungwa mkanda. Anaitazama ya mkononi. Anaitikisa. Anaiweka sikioni.
ASKARI: …Unaweza kuniangalizia na hii?

Tito hapa hajafanya mzaha hata mara moja. Amejibu swali. Aliyekuwa na madaraka mwanzoni mwa sini ndiye anayeomba msaada mwishoni, na foleni ya magari nyuma imeanza kupiga honi. Mwambie mwigizaji wa Tito asitabasamu, asinyanyue nyusi, asimtazame mtazamaji kwa siri. Mwigizaji akionyesha kwamba anajua anachekesha, sini inakufa papo hapo, na uhariri hauwezi kuifufua.

Kichekesho cha kujirudia kifuate hesabu ya tatu: mara ya kwanza kinatambulishwa, mara ya pili kinathibitisha mazoea, mara ya tatu kinavunja mazoea. Mara ya nne iruhusiwe tu ikiwa imegeuka kuwa huzuni au msaada. Kwa mfano, yule aliyekuwa akimcheka Tito kwa kuifunga saa mkanda ndiye sasa anayeifunga bila kuambiwa.

Hatua ya 4: Chagua gari kama unavyochagua mwigizaji

Gari litaonekana kuliko waigizaji wengi. Tafuta lenye umbo la sanduku, vioo vikubwa na paa la juu, kwa sababu nafasi kati ya lenzi na uso wa dereva ndiyo shida ya kwanza utakayokutana nayo. Nenda na kamera yenyewe siku ya kulikagua. Kaa kiti cha abiria, mwelekeze dereva lenzi ya milimita 35. Kama unapata shavu na sikio tu, jaribu ya 24. Kama hata ya 24 haitoshi kukupa kichwa na mabega, gari hilo ni dogo mno. Pima pia kama saa, au chochote anachobeba mhusika wako, inaingia kitini na bado inaonekana kutoka nje.

Rangi: njano, nyekundu, buluu ya mpauko. Gari jeupe linapoteza umbo kwenye jua kali, na jeusi linaakisi kikosi kizima kama kioo.

Hati za gari ziwe sawa, breki na matairi yakaguliwe kabla ya siku ya kwanza. Beba tairi la akiba lenye upepo, jeki, mkanda wa injini, fyuzi, betri ya pili, maji na mafuta. Gari la filamu huzimwa na kuwashwa mara nyingi kuliko gari la kawaida, taa zikiwa zinawaka muda mrefu bila injini, kwa hiyo kinachokufa kwanza ni betri. Picha zote za gari kuharibika, kugongwa au kuzama zipangwe siku za mwisho za ratiba, gari likiwa halihitajiki tena.

Hatua ya 5: Kupiga picha ndani ya gari

Anza kwa kupunguza. Sini za ndani ya gari linalotembea zisizidi sehemu ya tano ya skripti. Zinakula muda mara mbili ya sini nyingine, na watu wawili waliokaa wakitazama mbele hawawezi kufanya mengi. Kila sini ya garini unayoweza kuihamishia kando ya barabara, boneti ikiwa wazi au chai ikichemka, ihamishe.

Zile zinazobaki zina njia tatu.

Ya kwanza ni gari kupandishwa kwenye tela la chini na kuvutwa. Mwigizaji haendeshi, anaigiza tu, na kamera na taa zinafungwa kwenye tela. Tela likiwa refu kwenda juu, mtazamaji ataona kupitia dirishani kwamba dereva ameketi juu ya paa za magari mengine. Usitumie tela la kawaida la kubebea magari mabovu bila kuliangalia kwanza kupitia lenzi.

Ya pili ni gari halisi linatembea na kamera ndogo zimefungwa ndani, mwongozaji akifuata gari la nyuma na kusikiliza kwa redio. Itumike kwenye barabara iliyofungwa kwa kibali, mwendo mdogo, na mazungumzo mafupi. Mwigizaji anayeendesha hapaswi kukumbuka ukurasa mzima wa mistari huku akitafuta alama aliyochorewa. Atakosa kimojawapo, na barabarani huwezi kuchagua kipi. Abiria ndiye apewe maneno mengi.

Ya tatu inafaa usiku na ndiyo rahisi kuliko zote: gari halitembei kabisa. Liegeshe mahali penye giza totoro, bila ukuta wala mti unaopata mwanga nyuma yake. Mtu mmoja akae kwenye bampa la nyuma na kulitikisa kidogo kwa kubonyeza na kuachia. Ubao wa mita 2 uliopitishwa chini ya bampa kama wenzo unafanya kazi hiyo vizuri zaidi na haumchoshi. Mtu wa pili ashike taa mbili zilizofungwa kwenye mti mmoja, umbali wa mita moja na nusu kati yake, atembee nazo kutoka mbele kwenda ubavuni mwa gari: hilo ndilo gari linalopishana nao. Mtu wa tatu apitishe tawi au kipande cha boksi mbele ya taa iliyowekwa juu, ili vivuli vikatize usoni. Siri yake ni kutokuwa na mpangilio. Gari la kwanza lipite baada ya sekunde 6, la pili baada ya 15, la tatu mara moja nyuma ya la pili. Ukiyapitisha kila baada ya sekunde 5 kamili, jicho linagundua hata kama mtazamaji hajui amegundua nini. Na dereva asisahau kuzungusha usukani kidogo kidogo. Usukani usiotikisika hata chembe ndio unaoumbua gari lililosimama, pengine kuliko kitu kingine chochote.

Mwangaza kwenye kioo cha mbele unaondolewa kwa kichujio cha polaraiza. Kinakula mwanga wa stopu 1.5 hadi 2 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), kwa hiyo panga kabla. Kinafanya kazi vizuri zaidi lenzi ikiwa imekitazama kioo kwa upande, takriban nyuzi 35 kutoka uso wa kioo. Ukikitazama moja kwa moja hakisaidii sana. Tahadhari moja: vioo vya pembeni na vya nyuma vya magari mengi vimeimarishwa kwa joto, na polaraiza inavifanya vionyeshe madoa na mistari ya ajabu. Kioo cha mbele, ambacho kwa kawaida ni tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, hakina tatizo hilo kwa kiwango hicho. Zungusha kichujio taratibu huku ukitazama kiona-picha, usikadirie.

Kamera inayobandikwa nje kwa vinyonyo ifungwe pia kwa kamba imara kwenye sehemu ya chuma ya gari. Futa kioo kwa spiriti kabla ya kubandika, na kagua kila gari linaposimama, kwa sababu joto na vumbi vinalegeza mshiko bila kelele.

Reli msiiguse bila kibali cha maandishi na mwakilishi wa shirika la reli akiwa pale. Tarehe 20 Februari 2014, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, treni iliwakuta watu wa filamu juu ya daraja la reli ambako hawakuwa na ruhusa ya kupiga picha. Msaidizi wa kamera aliuawa na wengine wakajeruhiwa, na mwongozaji akahukumiwa kwa kusababisha kifo. Mandhari ya reli ni mazuri sana kwa filamu ya safari, na hiyo ndiyo hatari yake.

Hatua ya 6: Iache kamera itulie

Chanzo na matokeo ya kichekesho vikae katika fremu moja kila inapowezekana. Tito anaegesha gari, anashuka, anafunga mlango kwa upole ili saa isitikisike, na gari linaanza kurudi nyuma lenyewe taratibu mgongoni mwake. Ukiigawa hiyo katika shoti tano, unapata habari kwamba gari limerudi nyuma. Ukiiacha katika shoti moja pana ya sekunde 20, unapata kicheko, kwa sababu mtazamaji anaona kile ambacho mhusika hakioni. Buster Keaton alifanya hivyo tangu miaka ya 1920: kamera mbali, imetulia, mwili mzima ndani ya fremu, ili mtu aone kwamba tukio ni la kweli.

Lenzi za milimita 24 hadi 35 kwa sini za kuchekesha, kamera usawa wa kifua. Lenzi pana kupita kiasi zinazovimbisha pua, kamera iliyoinamishwa na muziki wa zumari vinamwambia mtazamaji "cheka sasa", naye hacheki. Mchukulie mhusika kwa uzito uleule anaojichukulia yeye. Shoti ya karibu iwekee akiba: ukiitumia mara chache, siku ile saa inaposimama na ukamsogelea Tito usoni, hutahitaji neno hata moja.

Baada ya kila jambo la ajabu, piga uso wa anayeshuhudia, na usiseme kata mapema. Mwache mwigizaji akae na mshangao wake sekunde 4 au 5 zaidi ya anavyodhani inatosha. Mara nyingi kitu cha thamani kinatokea pale anapoishiwa na alichopanga.

Mwelekeo wa safari uamuliwe siku ya kwanza na uandikwe kwenye kila karatasi ya ratiba. Kwenda, gari linavuka fremu kutoka kushoto kwenda kulia. Kurudi, kutoka kulia kwenda kushoto. Shoti moja iliyopigwa kutoka ng'ambo ya pili ya barabara inatosha kumfanya mtazamaji adhani wamegeuza. Ukilazimika kuvuka kwenda ng'ambo hiyo, weka katikati shoti ya gari likija usoni kabisa au likienda zake kwa mgongo.

Fremu 24 kwa sekunde zinakwenda na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/48 ya sekunde, fremu 25 na 1/50. Penye umeme wa herzi 50 bakia kwenye 1/50. Wa herzi 60, tumia 1/60, la sivyo taa za ndani zitapepesa kwenye picha. Mchana usipandishe shata kupunguza mwanga. Tumia kichujio cha ND, kioo cha kijivu kinachopunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi, maana shata ya kasi inafanya mwendo wa gari uonekane unakatika katika.

Hatua ya 7: Mwendelezo wa mavazi, vumbi na saa

Filamu ya safari haipigwi kwa mfuatano. Sini zote za nyumba moja zinapigwa pamoja, za mwanzo na za mwisho, na hapo ndipo balaa la mwendelezo linapoanzia.

Mhusika wa ajabu avae nguo moja filamu nzima. Inamfanya atambulike hata kwa umbo kutoka mbali, na inakupunguzia kazi. Lakini shona au nunua seti nne zinazofanana: safi, yenye vumbi, iliyochanika, na ya akiba. Ziandike A, B, C, D kwa ndani ya kola, na kwenye skripti andika herufi kando ya kila sini. Nguo ichakazwe kwa brashi ya waya na chai nzito iliyochemshwa, si kwa matope ya siku hiyo, kwa sababu matope ya leo hayatafanana na ya wiki ijayo.

Gari nalo lina ngazi zake za uchafu. Lipige picha pande zote nne, pamoja na dashibodi, kila mwisho wa sini. Kipimo cha mafuta, kilomita, kioo kilichoteremshwa nusu, mzigo juu ya paa: vyote viandikwe. Vumbi la kubandika ni udongo laini uliochekechwa, unapulizia maji kidogo kwanza kisha unaupeperusha kwa brashi. Usilioshe gari kabla sini zote za ngazi hiyo ya vumbi hazijaisha, hata mwenye gari akisihi.

Kwa Tito kuna mtego mkubwa zaidi: saa inaonekana kwenye fremu, na saa haidanganyi. Teki (mara moja ya kupiga shoti) ya kwanza ilipigwa saa nne, ya kumi saa sita kasoro, mhariri akiziunganisha mishale inaruka mbele na nyuma. Kwa hiyo mashine ya saa isimamishwe wakati wote wa kupiga picha, na mishale ipangwe kwa mkono kulingana na muda wa sini ulioandikwa kwenye skripti. Pendulamu ikionekana, mtu aisukume kabla ya kila teki. Mlio wa tiki-taka na kengele vitaongezwa baadaye. Kanuni hiyohiyo inahusu kila kitu kinachobadilika chenyewe mbele ya kamera: mshumaa, barafu, chakula, ndevu.

Hatua ya 8: Watoto

Sheria za saa za kazi za watoto zinatofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo zijue za mahali unapopigia kabla ya kupanga ratiba. Mzazi au mlezi awepo muda wote na awe mahali mtoto anaweza kumwona. Piga upande wa mtoto kwanza, mtu mzima asubiri, kwani teki tatu za mwanzo za mtoto ndizo zenye uhai. Usimtishe kweli ili apate hofu ya kweli. Mpe kitu cha kuangalia na swali la kujibu moyoni mwake.

Kwa kuwa watazamaji wako ni watoto, kila aliyemo garini afunge mkanda katika kila shoti. Nacho kinaweza kuwa kichekesho: Tito hawashi gari mpaka saa ifungwe.

Hatua ya 9: Sauti

Injini, kiyoyozi na redio ya gari ni maadui. Ndani ya gari ficha maiki ndogo kwenye kizuia jua juu ya kila mwigizaji, na nyingine kwenye nguo, mbali na mkanda wa usalama unaokwaruza kifuani. Rekodi zote mbili kwenye njia tofauti, vilele vya sauti vikicheza karibu na desibeli -12 kwenye mita ya kinasa sauti. Gari likiwa limesimama kwa ile njia ya tatu, zima injini, na muungurumo utauongeza kwenye uhariri.

Kabla ya kuhama kila lokesheni, wote wanyamaze sekunde 60, rekodi utulivu wa mahali hapo watu wakiwa bado ndani. Tenga pia nusu siku ya kurekodi gari peke yake: kuwashwa, kukataa kuwaka, kuunguruma palepale, kila gia, milango yote, buti, honi, indiketa, breki ya mkono, wipa kwenye kioo kikavu. Kila sauti mara mbili, maiki ndani na maiki nje. Gari lenye sauti zake linageuka mhusika. Mlango unaolia kwa namna yake dakika ya 5 unaweza kutambulika dakika ya 75 kabla gari halijaonekana, na ukumbi mzima utajua nani amefika.

Hatua ya 10: Ratiba

Kikosi kidogo kipange kurasa 3 hadi 4 kwa siku, na siku za garini kurasa 2 tu. Skripti ya kurasa 88 inachukua takriban siku 28. Acha siku moja tupu kwa kila wiki mbili kwa ajili ya mvua na gari, na asilimia 10 ya bajeti isiguswe mpaka wiki ya mwisho. Vibali vya barabara viombwe mapema na nakala zake zikae kwenye gari la mwongozaji. Usianze na sini ya kuchekesha kuliko zote. Wape waigizaji siku tatu za kuzoeana.

Hatua ya 11: Uhariri

Kata ya kwanza itakuwa ndefu. Anza kwa kutoa shoti za gari likipita kwenye mandhari. Kila moja ijibu swali: inatuambia kitu kipya? Muda umepita, wamechelewa, hali ya hewa imegeuka, hawasemezani tena. Isiyojibu iondoke, hata kama machweo yake ni ya kupendeza.

Kata bila muziki kwanza. Kichekesho kisichosimama bila muziki kina kasoro, na muziki utaificha kwako wewe tu, si kwa mtazamaji. Kisha itazame filamu nzima sauti ikiwa imezimwa: sini inayobaki inaeleweka na bado inachekesha, mwambie mhariri asiiguse.

Halafu wakusanye watu 10 wasiokujua, nusu yao watoto. Kaa pembeni, watazame wao, usitazame skrini. Andika dakika na sekunde ya kila kicheko, na ya kila mtoto anayegeuka kuzungumza na mwenzake. Mahali pa kicheko kikubwa ongeza sekunde moja au mbili kabla ya mstari unaofuata, usije ukamezwa. Mahali walipogeuka, tatizo mara nyingi liko dakika mbili kabla, pale walipoacha kujua mhusika anakwenda wapi na kwa nini. Rudi huko ukarekebishe, si pale walipochoka.

Wimbo wowote unaosikika, hata ule wa redio ya gari wa sekunde 8, unahitaji kibali cha mwenye wimbo na cha mwenye rekodi. Usipokuwa navyo vyote viwili, badilisha.

Unapotoa faili za mwisho, tenga sauti katika makundi matatu: maneno peke yake, muziki peke yake, na milio peke yake. Watoto wadogo hawawezi kusoma maandishi ya chini ya skrini, hivyo filamu ya familia ikienda kwenye lugha nyingine huingizwa sauti mpya. Wakikuta tiki-taka ya saa na maneno ya Tito vimechanganywa kwenye faili moja, watalazimika kutengeneza upya milio yote ya sini hiyo. Ambatanisha orodha ya mazungumzo yote yenye muda wa kila mstari, na hapo faili ziko tayari kutumwa.